Utangulizi wa insha ya floraidi kwenye maji: tunavyodhani na ilivyo

Insha nyingi kuhusu kutia floraidi kwenye maji ya umma huanza na "Maji ni uhai." Waandishi wake wamezoea kuamini kwamba utangulizi lazima uanzie mbali, kisha usogee polepole hadi kwenye mada. Tatizo ni kwamba hakuna anayebisha kuwa maji ni uhai, na insha ya hoja huanzia pale watu wanapobishana. Anzia Grand Rapids, Michigan, mji ulioanza kuongeza floraidi kwenye maji yake Januari 1945 ili meno ya watoto yasioze. Usikae hapo: ruka hadi Utah, ambayo mwaka 2025 ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupiga marufuku jambo hilohilo. Msomaji atajiuliza mwenyewe kilichobadilika katika miaka 80, na tayari umeshamshika.

Maana ya floraidi kutoka kwenye kamusi? Iache. Anayehitaji maelezo ataridhika na nusu sentensi.

Wengine hudhani sentensi ya kwanza ikitisha ndiyo inayovutia: "Tunanyweshwa sumu!" Ubishi huu kwa sehemu kubwa ni wa kipimo. Mamlaka za afya za Marekani zilipendekeza miligramu 0.7 kwa lita mwaka 2015, ilhali kikomo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Ripoti ya kitaalamu ya serikali ya Marekani ya mwaka 2024, ile iliyohusisha floraidi na alama za chini za kipimo cha akili (IQ) kwa watoto, ilizungumzia viwango vinavyozidi 1.5. Ukiitaja bila namba hiyo, msomaji anayeijua hatafika aya ya pili. Wala upande wa pili hauponi: anayeandika "sayansi imemaliza mjadala" anasahau kwamba faida ya floraidi ya majini inaonekana kuwa ndogo kuliko zamani, tangu dawa za meno zenye floraidi zienee.

Ipo pia imani kwamba msimamo ufichwe hadi mwisho, eti kumshangaza msomaji. Hiyo ni kazi ya hadithi za upelelezi. "Insha hii itajadili faida na hasara za floraidi" ni tangazo tu, halina hoja. Linganisha na hii: "Ingawa floraidi ikizidi huacha madoa kwenye meno, miji iendelee kuitia kwa miligramu 0.7 kwa lita, kwa sababu maji humfikia hata mtoto asiyeonwa na daktari wa meno." Au kinyume chake: "Ingawa floraidi hulinda meno, miji iache kuitia majini, kwa kuwa anayeitaka ataipata kwenye dawa ya meno, lakini asiyeitaka hawezi kuikwepa kwenye bomba."

Mimi ya pili hainishawishi, lakini imejengwa vizuri sawa na ya kwanza: ina sababu, na mpinzani ana pa kuishika. Tazama pia neno "ingawa." Wengi huogopa kwamba kukiri jambo la upande wa pili mapema ni kujidhoofisha. Kumbe mpinzani akishaona madoa ya meno yametajwa, hana tena cha kukufichulia.

Na utangulizi si lazima uandikwe kwanza. Mimi huuandika nikishajua aya zangu zimeishia wapi.