Nyumba ya mawe ikarabatiwe kwa chokaa, si saruji

Kila masika yakipita, wenye nyumba za zamani wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu huleta lalamiko lile lile: lipu ya chini imebanduka tena, rangi imevimba, ukuta unatoa chumvi nyeupe. Ukiuliza kilichofanyika, mara nyingi utaambiwa fundi alitindua lipu kuukuu akapiga ya saruji ili iwe imara.

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Chini hazikuwekewa kizuizi cha maji, kwa hiyo zinanyonya unyevu wa ardhini. Lipu ya chokaa inaupitisha ukakaukia nje. Saruji inauzibia njia. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na lipu ikianguka huondoka na vipande vya jiwe.

Kwa mazingira pia chokaa ina nafuu. Saruji huhitaji tanuri la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, chokaa hutosheka na kama 900, na ikishapigwa ukutani huvuta tena kaboni dioksidi kutoka hewani ndipo igande. Lakini tusidanganyane: chokaa iliyochomwa kwa kuni za mikoko iliyofyekwa ovyo, au kwa matumbawe yaliyong'olewa baharini yakiwa hai, haina cha kujivunia. Muulize muuzaji jiwe na kuni vimetoka wapi. Akibabaika, nenda kwa mwingine.

Kabla ya kununua chochote, tafuta maji yanakoingilia: paa, mifereji, bomba la choo. Kisha tindua saruji taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, maana mashine ya kutobolea zege huitikisa nyumba nzima. Chumvi ifagiliwe kavu, usiioshe, la sivyo itayeyuka na kurudi ndani. Uache ukuta upumue. Kiangazi ndicho kipindi chake.

Chokaa mbichi, yaani iliyotoka tanurini na haijaguswa na maji, izimwe mapema. Iingizwe kidogo kidogo kwenye pipa lenye maji, wala usiimwagie maji kwa mkupuo, kwani inachemka na kuruka. Miwani na glavu ni lazima, na watoto wakae mbali. Ikae chini ya maji wiki kadhaa hadi iwe laini kama mtindi. Changanya kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni achana nao, una chumvi ile ile unayoikimbia. Lowanisha ukuta, piga lipu nyembamba isiyozidi sentimita moja, funika kwa magunia mabichi jua lisiikaushe haraka, subiri siku kadhaa ndipo upige ya pili. Fundi aliyezoea saruji ataona unamchelewesha. Mlipe kwa kazi, usimlipe kwa siku.

Boriti nazo zisitupwe zote. Inayooza kwanza ni ncha iliyozama ukutani. Ichome kwa bisibisi: ikizama kirahisi, hiyo ndiyo ya kubadilisha. Boriti mpya za mikoko zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu. Kuing'oa dari yote na kumwaga zege sikushauri kabisa, maana unautwika ukuta wa zamani mzigo ambao haukujengewa.

Miji hii miwili imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, Zanzibar tangu 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo pata kibali cha mamlaka ya hifadhi kabla ya kugusa ukuta. Fika na picha za hali ilivyo na maelezo ya vifaa utakavyotumia.

Kwenye rangi ndipo wengi huharibu kazi yote. Rangi ya mafuta huziba ukuta kama saruji. Paka chokaa iliyochujwa, mikono mitatu au minne myepesi. Ikiwa mbichi huonekana kama maji tu, na fundi hushawishika kuizidisha. Mzuie, weupe huja ikikauka, na iliyopakwa nzito hupasuka na kubanduka.