Dhana Potofu za Sayansi na Swali Linaloziangusha

Mwanafunzi haanzi somo la sayansi akiwa hana lolote kichwani. Amekwisha kuliona jua likichomoza na kutua, amerusha mawe, amechemsha maji, ameshika chuma asubuhi ya baridi, na kutokana na hayo yote amejijengea maelezo yake mwenyewe kuhusu namna ulimwengu unavyokwenda. Mengi ya maelezo hayo yana mantiki ndani yake, na ndiyo sababu hayang'oki kwa mwalimu kusema tu kwamba si sahihi. Njia inayofaa zaidi ni kuiuliza kila dhana swali moja: kama ingekuwa kweli, tungepaswa kuona nini? Dhana nyingi zilizozoeleka kuhusu dunia, anga na mwendo wa vitu huanguka papo hapo, kwa sababu jambo zinalolitabiri halitokei.

Dhana: Majira ya joto huja dunia inapolikaribia jua

Dhana hii huanzia kwenye jambo la kweli, kwani anayesogelea moto hupata joto zaidi. Tena ni kweli kwamba umbali kati ya dunia na jua haulingani mwaka mzima: mwanzoni mwa Januari ni takriban kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai hufikia takriban kilomita milioni 152. Lakini kama umbali ndio ungeleta majira, dunia nzima ingepata joto Januari na dunia nzima ingepata baridi Julai. Hali si hiyo. Januari ni katikati ya majira ya baridi kwa nchi za kizio cha kaskazini, wakati ambapo nchi za kizio cha kusini zimo katika majira ya joto, na ifikapo Julai mambo hugeuka. Pande mbili za sayari moja, zikiwa katika umbali ule ule kutoka kwenye jua, haziwezi kuwa na majira yanayopingana ikiwa umbali ndio chanzo chake.

Chanzo ni mwinamo wa mhimili. Mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.5, na huelekea upande ule ule wa anga mwaka mzima wakati dunia inapolizunguka jua. Kwa hiyo mnamo Juni kizio cha kaskazini huwa kimeinamia jua, na mnamo Desemba huwa kimeinama upande wa pili. Kizio kinachoinamia jua hupata faida mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba jua hupanda juu zaidi angani, na miale yake hutua karibu wima, hivyo nishati ile ile hujikusanya katika eneo dogo badala ya kutawanyika katika eneo kubwa. Ya pili ni kwamba mchana hurefuka, na ardhi hupokea nishati kwa saa nyingi zaidi kuliko saa inazopoa usiku. Katika latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, mchana wa mwishoni mwa Juni huzidi saa 18. Karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana na jua haliendi mbali na utosi, tofauti ya halijoto kati ya miezi ni ndogo, na mara nyingi majira hutambulika kwa mvua kuliko kwa joto.

Wapo wanafunzi wanaolikubali jibu hili kisha kulirudisha kwenye kosa la mwanzo, wakisema kwamba mwinamo huleta joto kwa sababu husogeza kizio kimoja karibu na jua. Hesabu ndogo inatosha kuwajibu: kipenyo cha dunia yote ni takriban kilomita 12,700, na kiasi hicho ni kidogo mno mbele ya kilomita milioni 150. Lawama nyingine, kwa maoni yangu, iangukie michoro ya vitabuni, ambayo huchora njia ya dunia kama yai refu lenye jua upande mmoja. Njia halisi, ikichorwa kwa vipimo vyake, macho hayawezi kuitofautisha na duara.

Dhana: Mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha dunia huufunika

Hapa swali letu linahitaji macho tu na anga isiyo na mawingu. Kivuli cha dunia sharti kiwe upande ulio mkabala na jua. Kama kivuli hicho ndicho kingeleta nusu mwezi, tusingeweza kamwe kuuona mwezi wa nusu na jua vikiwa angani pamoja, vikitenganishwa na robo tu ya mzunguko wa anga. Hata hivyo jambo hilo huonekana kila mwezi: jioni, takriban juma moja baada ya mwezi kuandama, jua huwa linazama magharibi na mwezi wa nusu huwa uko juu. Kivuli cha dunia wakati huo kimeelekea mashariki, mbali kabisa na ulipo mwezi.

Ukweli ni kwamba nusu ya mwezi huwa inaangazwa na jua wakati wote, isipokuwa katika nyakati chache za kupatwa. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo tunayoweza kuiona kutoka duniani. Mwezi ukiwa kati yetu na jua, upande wenye mwanga hutupa kisogo. Ukiwa mkabala na jua, tunauona upande huo wote na kuuita mwezi mpevu. Mfululizo huo hukamilika kwa siku 29 na nusu hivi.

Kivuli cha dunia kinayo kazi yake, nayo ni kuleta kupatwa kwa mwezi, jambo linaloweza kutokea wakati wa mwezi mpevu pekee. Halitokei kila mwezi mpevu kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa takriban nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya dunia, na mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli.

Dhana iliyo jirani ni ile ya upande wa mwezi ulio gizani daima. Ni kweli kwamba sisi huona uso mmoja tu wa mwezi, kwa kuwa muda unaoutumia kujizungusha ni sawa na muda unaoutumia kuizunguka dunia, yaani siku 27.3 hivi. Lakini uso tusiouona hupata mchana wa takriban majuma mawili na usiku wa kiasi hicho hicho, kama uso tunaouona. Chombo cha Umoja wa Kisovieti kiitwacho Luna 3 kiliupiga picha mwaka 1959, na chombo cha China, Chang'e 4, kilitua huko Januari 2019 kikiwa na gari dogo linaloendeshwa kwa nishati ya jua, ambalo lisingekuwa na maana yoyote mahali pasipofika jua.

Dhana: Angani hakuna uvutano, na ndiyo maana wanaanga huelea

Kama uvutano ungekoma mahali angahewa inapokoma, mwezi, ulio umbali wa takriban kilomita 384,000, usingekuwa na kitu cha kuuzuia usiende zake. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko karibu zaidi mno, kilomita 400 hivi juu ya ardhi, na hapo uvutano wa dunia bado ni kama asilimia 90 ya ule unaotushika sisi chini.

Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja. Kituo hicho husafiri kwa takriban kilomita 28,000 kwa saa, na kwa kasi hiyo, kadiri kinavyoanguka kuielekea dunia, ndivyo uso wa dunia ulio mviringo unavyojipinda chini yake, kwa hiyo hakifiki chini bali huizunguka kila baada ya dakika 90 hivi. Mtu aliye ndani yake haikandamizi sakafu, kwa kuwa sakafu nayo inaanguka kwa kiasi kile kile. Mizani ikiwekwa chini ya miguu yake ingesoma sifuri, na bado uvutano upo, tena ndio unaomzuia asipotelee mbali.

Hapa ndipo inapofaa kutenganisha tungamo na uzito, maneno ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa bila madhara, lakini katika fizikia hayabadilishani. Tungamo ni kiasi cha maada, hupimwa kwa kilogramu, na halibadiliki mahali popote. Uzito ni kani ambayo uvutano huivutia maada hiyo, hupimwa kwa nyutoni, na hutegemea mahali. Mtu mwenye tungamo la kilogramu 60 ana uzito wa takriban nyutoni 590 duniani, na mwezini uzito wake ungekuwa nyutoni 97 tu, ilhali kilogramu zake ni zile zile 60.

Dhana: Kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi, na kitu kisiposukumwa husimama

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote mbili zilifundishwa na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na zote mbili hutokana na kuishi mahali penye hewa na msuguano. Unyoya huchelewa kufika chini kwa kuwa hewa huuzuia, wala si kwa kuwa ni mwepesi. Hewa ikiondolewa, tofauti hutoweka. Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya kwa wakati mmoja akiwa mwezini, ambako hakuna hewa ya kuzuia chochote, na vyote viwili vilifika chini pamoja. Sababu yake ni nzuri kuliko tukio lenyewe: kitu chenye tungamo maradufu huvutwa kwa kani maradufu, lakini pia ni kigumu maradufu kukibadilisha mwendo, na mambo hayo mawili hulingana kabisa.

Kuhusu kusukumwa, swali letu ni hili: je, chombo kilichoko anga za mbali, kikizima injini, husimama? Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, na hadi leo kinakwenda kwa takriban kilomita 17 kwa sekunde bila injini yoyote kukisukuma mbele. Mafuta machache kiliyobakiwa nayo hutumika kugeuza antena yake ielekee duniani. Mpira unaobiringika uwanjani husimama kwa sababu kuna kani inayousimamisha, nayo ni msuguano. Hivyo kani haihitajiki ili mwendo uendelee. Huhitajika ili mwendo ubadilike.

Dhana: Chuma ni baridi kuliko mbao, na blanketi hutoa joto

Vikikaa usiku kucha katika chumba kimoja, chuma na mbao huwa na halijoto ile ile, na kipimajoto kitathibitisha hivyo. Mkono haupimi halijoto ya kitu, bali huhisi kasi ambayo joto linautoka, na chuma hulipitisha haraka kuliko mbao. Blanketi nalo halizalishi joto, hulizuia lisipite. Kama lingekuwa linatoa joto, kipande cha barafu kilichoviringishwa ndani yake kingeyeyuka haraka kuliko kilichoachwa wazi mezani. Mwanafunzi akijaribu, ataona kinyume chake.

Mengine matatu yanaweza kupitiwa kwa haraka. Mapovu ya maji yanayochemka kwa nguvu si hewa, bali ni mvuke wa maji, ingawa vipovu vidogo vya mwanzo kabisa, kabla ya kuchemka, ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Wingu si mvuke, kwa kuwa mvuke wa maji hauonekani. Wingu ni matone madogo mno ya maji au chembe za barafu. Jua nalo haliwaki kama moto, kwani moto huhitaji oksijeni na kuni zingekwisha zamani; mwanga wake hutokana na viini vya haidrojeni kuungana na kuwa heliamu, na kila sekunde takriban tani milioni 4 za maada yake hugeuka kuwa nishati.

Dhana: Chini ya ganda la dunia kuna bahari ya mawe yaliyoyeyuka

Volkeno huonekana kuithibitisha dhana hii, na michoro ya vitabuni, inayopaka koti, yaani tabaka nene lililo kati ya ganda na kiini cha dunia, rangi nyekundu ya moto, huitia nguvu. Hakuna aliyefika huko kutazama. Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa kwa ajili ya utafiti, katika rasi ya Kola nchini Urusi, lilifikia kilomita 12 na kidogo, ilhali kitovu cha dunia kiko umbali wa takriban kilomita 6,371. Lakini matetemeko hutujibu. Yako mawimbi ya tetemeko yanayotikisa mwamba kwa upande, nayo hayawezi kupita ndani ya kimiminiko. Kama koti lingekuwa limeyeyuka, mawimbi hayo yasingepita humo. Ukweli ni kwamba hupita vizuri hadi kina cha takriban kilomita 2,900, kisha hukoma. Koti, basi, ni mwamba mgumu, ingawa kwa joto lililopo humo hujongea polepole mno, sentimita chache kwa mwaka. Kilichoyeyuka ni kiini cha nje, kilichojaa chuma. Ndani zaidi, mwanasayansi wa Denmark, Inge Lehmann, alitambua mwaka 1936 kutokana na mawimbi kama hayo kwamba kipo kiini kingine cha ndani. Leo tunajua kwamba kiini hicho ni kigumu, japo halijoto yake huzidi nyuzi 5,000 za selsiasi, kwa sababu shinikizo kubwa la huko haliruhusu chuma kiyeyuke.

Uji wa mawe unaotoka kwenye volkeno hautoki katika kiini hicho cha nje, wala hautoki katika bahari yoyote iliyozunguka dunia. Huzalika mahali maalumu karibu na juu: pale ambapo mabamba ya ganda huachana na mwamba wa chini hupanda na kupunguziwa shinikizo, pale ambapo bamba moja huzama chini ya jingine likiwa na maji yanayoshusha kiwango cha kuyeyuka cha mwamba, na katika sehemu chache ambako mwamba wenye joto kali hupanda kutoka chini sana. Hata hapo, kwa kawaida sehemu ndogo tu ya mwamba ndiyo huyeyuka.