Kutoka Kenya hadi Ayvalık: kumbukumbu zilizobaki nyumbani

Ayvalık ni mji wa bandari magharibi mwa Uturuki, unaotazamana na kisiwa cha Lesbos. Katikati yake upo Saatli Cami, msikiti wenye mnara wa saa, na yeyote anayeutazama vizuri huona kwamba ulijengwa uwe kanisa. Kazi yangu ni historia simulizi. Jengo kama hilo hunionyesha tu pa kuanzia. Ninachokitafuta kiko kwa wazee, ndani ya nyumba za jirani.

Tarehe 30 Januari 1923, huko Lausanne, Uswisi, Uturuki na Ugiriki zilikubaliana kubadilishana watu. Wakristo wa Kiorthodoksi kama milioni 1.2 wakawa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wameshakimbia vita, na Waislamu wapatao 400,000 wakapelekwa Uturuki. Kipimo kilikuwa dini, wala si lugha. Ndiyo maana Waislamu wa Kreta, kisiwa cha Ugiriki, walishuka Ayvalık wakisema Kigiriki, wakapewa nyumba za Wagiriki walioondoka. Mwaka 1928 ikaja kampeni ya "Mwananchi, zungumza Kituruki!", na lugha yao ikajifungia ndani.

Kwa hiyo mzee simwulizi habari za mkataba. Namwuliza mama yake alichuma mboga gani za porini na aliziitaje, alimbembeleza mtoto kwa wimbo gani, na akikasirika alifoka kwa lugha ipi. Kreta hutokea hapo, mara nyingi pamoja na machozi, nami huzima kinasa sauti nikangoja.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha marehemu Mustafa Olpak. Wazee wake walitekwa Kenya, wakafanywa watumwa Kreta, kisha mabadilishano yakaileta familia Ayvalık kama Waislamu wengine wa Kreta. Alikuwa akisema kwamba kizazi cha kwanza huyaishi mambo, cha pili huyakana, cha tatu huyatafuta. Yeye, mjukuu, aliyatafuta: akaandika historia ya ukoo wake, na mwaka 2006 akaanzisha chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika. Baadaye Dana Bayramı, Sikukuu ya Ndama ya mababu zao, ikafufuliwa mkoani Izmir.

Sisi tunaoandika juu ya utumwa wa Afrika Mashariki mara nyingi huishia ufukweni, jahazi likitweka tanga. Natamani tuvuke nalo, tukawaulize wajukuu walioko Ayvalık na Izmir ni neno gani la bibi ambalo hawajawahi kulijua maana yake.