Maji ya bomba yamefika. Majitaka yaende wapi?

Maji ya Ziwa Victoria yalipofikishwa Tabora, Nzega na Igunga, furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili, kwa kuwa wengi walikuwa wakiishi kwa kuhesabu madumu. Hata hivyo, wahandisi hukadiria kwamba takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa majitaka. Familia iliyokuwa ikipeleka kopo la maji chooni sasa ina choo cha kuvuta kinachotumia lita 6 hadi 9 kila mara, na shimo lililochimbwa kwa matumizi ya zamani hujaa upesi. Mwenye uwezo huita gari la kunyonya majitaka. Asiye nao husubiri mvua kubwa akatapishe choo usiku. Katika hali zote mbili, mji mdogo usio na mahali pa kutibu majitaka huishia kuyasukumia mtoni.

Mkoani Tabora jambo hili ni zito zaidi kwa sababu mito mingi ni ya msimu. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha mto hukatika ukabaki madimbwi, na dimbwi la Septemba halina maji ya kuzimua uchafu. Bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, ambayo katika maji safi kwa joto la huku ni kama miligramu 7 kwa lita. Ikishuka chini ya 2, samaki wengi hufa. Kambale na kamongo husalia kwa kuwa huibuka kuvuta hewa. Mvuvi akisema dimbwi fulani limebaki na kambale watupu, anatupa taarifa inayofaa kufuatiliwa, ingawa dimbwi linalokauka laweza kuwa hivyo hata bila majitaka.

Uchafu huo nao husafiri. Mito ya Igombe na Ugalla hupeleka maji Malagarasi, kwenye ardhioevu ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, na hatimaye Ziwa Tanganyika. Upande wa Igunga, maji ya Manonga na Wembere huelekea Ziwa Eyasi, ambalo halina mto wa kuyatoa.

Kwa miji yenye jua kali na ardhi ya kutosha, sioni njia inayofaa kuliko mabwawa ya kutibu majitaka, kwa kuwa hayahitaji umeme. Bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, halina oksijeni. Uchafu mzito hutuama humo na kuoza. Katika la pili, lenye kina cha mita 1 hadi 2, mwani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua na bakteria huitumia kumalizia uchafu uliobaki. Mabwawa ya mwisho huwa na kina kifupi ili jua liue vimelea, huku mayai ya minyoo yakizama chini. Bwawa la pili likiwa la kijani linafanya kazi. Likigeuka kijivu au zambarau, limeelemewa.

Yanapoharibika, mara nyingi sababu ni tope lililosahaulika. Kulipima hakuhitaji maabara: funga taulo jeupe kwenye ufito mrefu, uzamishe wima hadi sakafuni, uutoe taratibu, kisha pima sehemu iliyoshika weusi. Tope likifikia theluthi ya kina cha bwawa la kwanza, liondolewe. Katika bwawa moja nililowahi kupima, weusi ulipita nusu ya kina, na majitaka yaliingia upande mmoja na kutokea upande wa pili karibu yalivyo, ilhali uzio ulikuwa umepakwa rangi mpya.

Kiangazi, maji ya bwawa la mwisho huwavutia wakulima wa mchicha, na ni vigumu kuwalaumu. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi yai moja la minyoo kwa lita. Mahali ambapo kipimo hicho hakijafanyika, maji hayo yaelekezwe kwenye miti au majani ya mifugo, na anayeyatumia avae buti na glavu, kwa sababu mabuu ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu ulio peku.