Malkia mwenye umbo la mfalme: sarafu za shaba za Polonnaruwa

Ukinionyesha massa ya shaba upande wa mfalme aliyesimama tu, siwezi kukuambia ni ya nani. Igeuze, ndipo tuzungumze.

Massa ni sarafu ndogo ya Sri Lanka ya zama za ufalme wa Polonnaruwa: upana milimita 20 hivi, uzito gramu 4 hivi. Upande mmoja mfalme amesimama, ua mkononi, miguu kama vijiti. Mchongaji hakujisumbua na sura. Upande wa pili ameketi, na ubavuni mwake jina limeandikwa kwa Nagari, herufi za Kihindi, safu fupifupi kutoka juu kwenda chini.

Umbo hili ni la zamani kuliko massa zenyewe. Lilikuwepo kwenye kahavanu, sarafu za dhahabu za kisiwa hicho, kabla Rajaraja I wa Chola hajavamia kutoka India Kusini mwaka 993. Naye akalipiga kwenye sarafu zake za shaba, kwa jina lake. Vijayabahu I aliwafukuza Wachola mwaka 1070, umbo likabaki. Tunazozipata kwa wingi ni za Parakramabahu I (1153–1186) na waliomfuata.

Mmoja wao ni mjane wake, Lilavati. Alitawazwa 1197, akaondolewa 1200, akarudi 1209, kisha tena 1211. Sarafu yake inasema “Sri Raja Lilavati”, yaani Mtukufu Mfalme Lilavati, lakini aliyesimama upande usio na jina ni yuleyule mwanamume mwenye ua. Dharmasoka naye aliwekwa kwenye kiti cha enzi mwaka 1208 akiwa mtoto wa miezi mitatu, na kwenye sarafu yake amesimama mtu mzima! Kwa maoni yangu, ile haikuwa picha ya mtu bali alama ya hazina. Dhahabu hupimwa, ikakubalika popote. Kipande cha shaba kinapokelewa sokoni kwa sababu kinafanana na cha jana. Nani angethubutu kukibadilisha?

Basi kazi yote iko kwenye herufi. Wanaoanza hukimbilia safu ya chini kwa kuwa mara nyingi ndiyo iliyosalia, wakasoma “bahu”, wakafurahi. Lakini Parakramabahu, Vijayabahu na Bhuvanaikabahu wote wanaishia hapo. Tafuta zinazofuata “Sri”: “para” ni mume, “raja” kisha “lilavati” ni mjane. Mulika taa kutoka pembeni, ikiwa chini kabisa, herufi zilizoinuka zitupe kivuli. Na tafadhali, ndimu iache jikoni. Asidi huondoa ule ukijani pamoja na kingo za herufi, na ukishazipoteza hakuna fundi wa kuzirudisha.

Mwaka haumo kwenye sarafu hizi. Muuzaji akikuandikia “Lilavati, 1197”, anabahatisha, maana enzi zake tatu hazitofautishwi kwa jina hilo. Kwenye vibandiko vyangu huandika 1197–1212, na bei haipandi hata senti kwa tarehe ya kubuni.