Mipangomiji ya kifeministi maana yake nini?

Ni namna ya kupanga mji inayoanza kwa kuuliza: barabara hizi, mabasi haya na viwanja hivi vilichorwa kwa kumfikiria nani, na je, wanawake walikumbukwa? Wengi wakisikia neno hili hudhani ni habari ya taa za barabarani na askari wa doria. Usalama wa usiku umo, ila hoja yenyewe inaanzia mchana kweupe.

Kwa miaka mingi wapangaji walimlenga mtu anayetoka nyumbani asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Mama anayemfikisha mtoto shule, akapitia sokoni, akamjulia hali mgonjwa, ndipo aende kibaruani, hakuhesabiwa. Dar es Salaam mama huyo kila akishuka daladala hii na kupanda ile, nauli inaanza upya. Anaulipia mji uliomsahau.

Vienna, mji mkuu wa Austria, walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1991 mpangaji Eva Kail na wenzake waliandaa maonyesho ya picha za siku ya kawaida ya wanawake wa pale. Mwaka 1997 ukakamilika mtaa wa Frauen-Werk-Stadt, nyumba 357 zilizosanifiwa na wanawake: chekechea iko humo humo, vigari vya watoto vina mahali pa kuwekwa, na madirisha ya jikoni yanatazama uani watoto wanapocheza. Wapo wanaolikosoa dirisha hilo, wakisema linakubali kwamba jiko na mtoto ni mzigo wa mama. Wana hoja, na hata hivyo naliunga mkono: madai ya kugawana kazi za nyumbani yaendelee, lakini mtoto anahitaji kuangaliwa leo.

Kinachonigusa zaidi ni bustani zao. Ilibainika kwamba wasichana wakishapita umri wa miaka tisa hivi walikuwa wakitoweka humo. Hakuna aliyewafukuza, eneo lilikuwa moja, na wavulana wa mpira wakilijaza. Wapangaji wakaligawa, wakaongeza vijia na sehemu za voliboli na badminton. Wasichana wakarudi.

Wakati mwingine hata kujenga hakuhitajiki. Montreal, Kanada, tangu mwaka 1996 mwanamke aliye peke yake usiku anaweza kumwomba dereva wa basi amshushe katikati ya vituo viwili, karibu zaidi na aendako.