“Mimi sina cha kuibiwa” na dhana nyingine zinazowaponza wanachama wetu

Kila inapokaribia Desemba, pesa za kujengea, za sikukuu na za ada ya Januari zinapoanza kumiminika Moshi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, wanachama wa ushirika wetu wa akiba na mikopo huanza pia kuleta malalamiko ya kutapeliwa. Kazi yangu ni kuyapokea, na kauli iliyonichosha kuliko zote ni ile ninayokatizwa nayo kabla sijamaliza kutoa tahadhari: “Mwanangu, simu yangu haina hata elfu kumi, huyo tapeli ataniibia nini?”

Ataiba jina. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020, tapeli hawezi kupiga simu wala kupokea pesa za wizi bila laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu fulani, na lake mwenyewe hataki lionekane. Kwa hiyo anatafuta jina la mtu ambaye hana habari, kama mkulima wa kahawa wa Uru au mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, na siku polisi wanapofuatilia laini iliyopokea pesa za mjane wa Singida, jina wanalolikuta kwenye kumbukumbu ni la mama huyo, ambaye Singida anaisikia redioni tu. Kutokuwa na pesa hakumlindi hata kidogo. Kunamfanya tu asiwe na haraka ya kuchunguza mambo yake.

Namna kidole kinavyoibwa ni rahisi mno. Unakaa chini ya mwavuli wa kijana anayesajili laini karibu na stendi, unaweka dole gumba kwenye kifaa chake, naye anakuambia, “Haijasoma, mama, futa jasho urudie.” Unafuta kwa kanga, unarudia, kisha anaomba kidole kingine. Ni kweli kwamba vidole vilivyochakazwa na jembe au saruji husumbua kusomeka, na vijana wengi wa mwavuli ni waaminifu. Lakini asiye mwaminifu amekwisha kusajili laini yako mara ya kwanza, na hizo nyingine anasajili za kwenda kuuza. Ukiambiwa urudie, omba uone kioo cha kifaa kimeandika nini kabla ya kuweka kidole tena. Mimi humshauri kila mtu aende kwenye duka la mtoa huduma mwenyewe, hata kama foleni ni ndefu, na sijali nikiitwa mkorofi kwa ushauri huo.

Dawa ya kujua kama umekwisha kuibiwa ipo na inachukua muda mfupi. Piga *106#, fuata maelekezo, uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la mtoa huduma wa laini hiyo uikane na kuomba ifutwe. Wanaopanda kwao Rombo, Marangu na Machame kwa sikukuu wawafanyie wazazi wao jambo hili kabla mbuzi hajachinjwa, maana baada ya hapo hakuna anayekumbuka simu.

Hata hilo la salio tupu ni la kujidanganya. Kwa huduma kama Songesha ya M-Pesa, muamala hukamilika kwa mkopo pale salio lisipotosha. Mwenye laini yako na namba yako ya siri anaweza kutumia pesa ambazo hukuwa nazo, na deni likabaki kwako. Benki na vyama kama chetu, vinapopokea ombi la mkopo, vinaweza kuuliza kwenye taasisi za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, na deni ambalo mwombaji anaapa kuwa halijui humkosesha mkopo kama deni lingine lolote. Na namba ya siri yenyewe mara nyingi ni mwaka wa kuzaliwa! Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila aliyewahi kushika kopi ya kitambulisho chako anao mwaka huo.

Hapo ndipo ilipo dhana ya pili, kwamba kopi ya kitambulisho ni karatasi tu. Nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwa fomu ya mkopo iliyojazwa, yenye jina, namba ya simu na sahihi ya mtu. Ukituma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp ili stesheneri wakuchapie, simama hapo mpaka waifute kwenye kompyuta, na uondoke na kopi zilizoharibika. Juu ya kopi unayotoa, andika kwa kalamu, mlalo, ni ya kazi gani na tarehe gani. Una haki pia ya kuuliza taarifa zako zinachukuliwa kwa sababu gani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

“Lakini alinitaja jina, na akataja kiasi nilichotoa jana.” Hiyo si dalili kwamba aliyekupigia yuko kwenye ofisi ya mtoa huduma. Daftari la wakala hukaa wazi juu ya meza likiwa na jina, namba, kiasi na sahihi, na anayesubiri zamu nyuma yako anasoma vizuri tu. Mtoa huduma wako akikupigia, anatumia namba 100, na hata huyo hana sababu ya kuuliza namba ya siri wala tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwa ujumbe.

Kuhusu “pesa imeingia kwako kimakosa, naomba unirudishie”, ujumbe huo mara nyingi umeandikwa na tapeli mwenyewe kwa namba ya kawaida, na kwenye akaunti hakuna kilichoongezeka. Angalia salio. Hata kama pesa imeingia kweli, usiitume kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea ampigie mtoa huduma wake, ambaye ndiye mwenye utaratibu wa kuirudisha.

Wapo wanaodhani mtandao ukipotea ghafla kwenye simu ni suala la mnara tu. Jirani yako wa mtandao huohuo akiwa anaongea vizuri na wewe huna mawasiliano, huenda kuna mtu amechukua laini nyingine kwa namba yako. Nenda dukani saa hiyohiyo, usisubiri kesho.

Na ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” watu huufuta kwa hasira, wakidhani yamekwisha. Usiufute, upeleke kwanza kwenye namba 15040, iliyotengwa kupokea taarifa za namba za matapeli. Ikiwa pesa imekwisha kutoka, mpigie mtoa huduma papo hapo kuomba muamala uzuiwe, kisha nenda kituo cha polisi na ujumbe huo ukiwa bado kwenye simu, kwa sababu ukishaufuta utabaki na maneno yako tu.